Mwenye jina na mwenye kalamu: maisha ya Philip Yordan

Nilikuwa na miaka tisa nilipoiona kwa mara ya kwanza filamu iitwayo Night Train to Terror. Mjomba wangu aliwahi kuendesha chumba cha video katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Biashara ilipokufa alibaki na sanduku la kaseti, televisheni moja, na mashine ya kaseti ambayo haikuanza mpaka ipigwe kofi. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, na mjomba hakujua Kiingereza. Akafanya kama alivyokuwa akiwafanyia wateja wake: alikaa kando ya televisheni akatusimulia kwa Kiswahili chetu kila kilichopita mbele ya macho. Wazee wawili waliokuwa wakizungumza ndani ya treni aliwafanya kuwa wakwe wanaogombania mahari. Tuliogopa, tukacheka, tukaenda kulala.

Niliirudia nikiwa chuoni, nikiwa na Kiingereza cha kutosha. Kumbe wale wazee wawili ni Mungu na Shetani. Wamepanda treni ya usiku, na wanajadiliana juu ya roho za watu watatu: nani achukuliwe na nani. Kwenye behewa jingine vijana wanapiga muziki na kucheza, bila kujua kwamba treni itaanguka alfajiri. Kesi za wale watu watatu ndizo visa vitatu vya filamu.

Niseme wazi kwamba filamu hii ni mbovu. Ilitoka mwaka 1985, wakati maduka ya kukodisha kaseti huko Marekani yalikuwa na njaa ya filamu za kutisha, na picha ya jalada iliuza kuliko kilichokuwa ndani. Haikupigwa kama filamu moja. Filamu mbili zilizokwisha kutengenezwa, Cataclysm ya mwaka 1980 na Death Wish Club, zilikatwakatwa. Kukaongezwa vipande vya filamu ya tatu ambayo wakati huo ilikuwa haijamalizika, kisha vyote vikaunganishwa kwa mazungumzo ya ndani ya treni. Ukikata hadithi ya saa moja na nusu ili ibaki sehemu ndogo tu, watu huingia bila kutambulishwa na kufa bila sababu. Mwigizaji Richard Moll ni mfanyakazi wa hospitali ya kutisha katika kisa cha kwanza. Katika kisa cha tatu ni mwandishi maarufu aliyetunga kitabu cha kumkana Mungu. Hakuna anayetueleza kwa nini sura ni ileile. Mazimwi ni vinyago vidogo vilivyopigwa picha moja baada ya nyingine, na vinatembea kama vinavyosukumwa na mtoto. Katika kisa cha pili kuna klabu ya watu wanaochezea kifo, na mchezo wao mmoja ni kumwachia chumbani mdudu mwenye sumu na mabawa anayesemwa kuwa ametoka Tanzania. Hakuna anayejisumbua kuuliza Watanzania wanamwitaje.

Jambo moja katika filamu hiyo lilinishika. Kwenye orodha ya majina, anayecheza Mungu ameandikwa kuwa ni Mungu mwenyewe, na anayecheza Shetani amepewa jina la mzaha linalotokana na Lusiferi. Waigizaji wa kweli walikuwa Ferdy Mayne na Tony Giorgio. Ni utani, lakini ulinifanya nisome majina yote mpaka mwisho. Jina la aliyeandika filamu lilikuwa moja tu: Philip Yordan. Nilipolitafuta, nilikuta kwamba ni mtu aliyepata tuzo ya Oscar. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafuatilia maisha yake.

Yordan alizaliwa Chicago tarehe 1 Aprili 1914, katika familia ya wahamiaji waliotoka Poland. Alisoma Chuo Kikuu cha Illinois, kisha akachukua shahada ya sheria Chicago. Sheria ilimfaa maisha yake yote, ingawa si mahakamani. Alijua mkataba ni nini, na alijua kwamba katika sinema mkataba unaweza kuishi kuliko maneno yenyewe. Alipofika Hollywood alipata kazi kwa mwongozaji William Dieterle, halafu akajiunga na ndugu watayarishaji, King Brothers, waliotengeneza filamu za gharama ndogo. Moja ya filamu hizo, Dillinger ya mwaka 1945, ilimfanya ateuliwe kuwania Oscar.

Kabla ya hapo alikuwa ameandika tamthilia, Anna Lucasta, na hapa ndipo jambo lenyewe linapoanza. Aliitunga juu ya familia ya Wamarekani wenye asili ya Poland, kama kwao. Haikupata wa kuiigiza. Ikafika Harlem, New York, kwa kikundi cha American Negro Theatre kilichokuwa kikiigiza katika jengo la maktaba. Abram Hill, mmoja wa waanzilishi wa kikundi hicho, aliigeuza familia ya Kipolandi kuwa familia ya Wamarekani Weusi, na mwongozaji Harry Wagstaff Gribble akafanya kazi juu ya maandishi hayo. Ilianza kuchezwa Harlem mwezi Juni 1944, na tarehe 30 Agosti mwaka huohuo ikaingia Broadway. Ilichezwa mara 957. Kwa mchezo ulioigizwa na Weusi watupu, huo ulikuwa ushindi mkubwa sana.

Mimi nasoma lugha, kwa hiyo naangalia jambo hili kwa jicho la lugha. Kumhamisha mtu kutoka familia moja kwenda nyingine si kubadilisha majina tu. Unabadilisha namna mtoto anavyomwita baba, namna ya kutukana, namna ya kuomba radhi, na mahali pa kunyamaza. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa Harlem. Kwenye mabango jina la mtunzi lilibaki la Yordan, na kikundi cha Harlem kilipata sehemu ndogo tu ya mapato. Mwaka 1949 tamthilia ilipogeuzwa kuwa filamu, familia ilirudishwa kuwa ya Wazungu, akachukuliwa Paulette Goddard. Hadi mwaka 1958 ndipo ikatengenezwa tena na Eartha Kitt pamoja na Sammy Davis Jr.

Oscar yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1949 Yordan alipata jina kwa filamu House of Strangers, iliyotokana na riwaya ya Jerome Weidman. Miaka mitano baadaye hadithi hiyo ilichukuliwa, ikavishwa kofia na farasi, ikawa filamu ya magharibi ya Marekani, Broken Lance. Maandishi ya filamu hiyo mpya yaliandikwa na Richard Murphy. Lakini kwa kuwa hadithi ilitokana na ile ya zamani, tuzo ya hadithi bora ya mwaka 1954 ilikwenda kwa Yordan. Basi tunaye mtu aliyetuzwa kwa hadithi iliyokwisha kupita mikononi mwa mwandishi wa riwaya na kurudiwa na mwandishi mwingine. Hakuna sheria iliyovunjwa.

Sasa tufike kwenye orodha nyeusi. Kuanzia mwaka 1947, kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti iliwaita watu wa sinema na kuwauliza kama walikuwa wanachama wa chama hicho. Waandishi na waongozaji kumi waliokataa kujibu walifungwa. Wengine wengi, bila kufungwa, walifungiwa milango: kampuni hazikuwapa kazi tena. Wengine walihamia Mexico, Paris au London. Mwigizaji na mwongozaji akifungiwa anafungiwa kweli, kwa sababu sura yake inaonekana. Mwandishi haonekani. Anaweza kuandika usiku chumbani kwake, mradi apatikane mtu mwenye jina safi wa kupeleka karatasi kwa mtayarishaji na kuweka sahihi.

Yordan hakuwamo katika orodha hiyo. Akawa huyo mwenye jina. Ben Maddow, aliyeshiriki kuandika The Asphalt Jungle kabla ya kufungiwa, aliandika kazi zilizotoka kwa jina la Yordan. Bernard Gordon, aliyepelekewa hati ya kuitwa na kamati mwaka 1952, pia aliandika kwa kivuli hicho. The Day of the Triffids ilitoka ikiwa na jina la Yordan, na ni Gordon aliyeiandika. Malipo waligawana. Kuna filamu, kwa mfano Johnny Guitar ya mwaka 1954, ambazo mpaka leo watafiti hawajakubaliana ni mkono wa nani hasa.

Baadaye Yordan alihamia Hispania. Huko Samuel Bronston alikuwa akitengeneza filamu kubwa mno: King of Kings na El Cid mwaka 1961, 55 Days at Peking mwaka 1963, The Fall of the Roman Empire mwaka 1964. Kule Las Matas, karibu na Madrid, walijenga uwanja mzima wa Roma ya kale kwa mbao na plasta. Yordan aliendesha karibu kiwanda cha maandishi. Waandishi waliofungiwa kwao, kama Gordon na Ben Barzman, walifanyiza kurasa, na kurasa zikaenda kwenye kamera. Mwaka 1964 Bronston akafilisika. Yordan aliendelea kidogo na filamu kama Battle of the Bulge ya mwaka 1965, halafu jua likaanza kushuka.

Je, alikuwa mwokozi au mnyonyaji? Nimesoma watu wanaomlaani na wanaomshukuru, na mara nyingine ni mtu yuleyule. Gordon katika kumbukumbu zake za mwaka 1999 anamwonyesha kama mtu aliyempa kazi, safari na mkate wakati nchi yake ilimnyima vyote, na pia kama mtu asiyesahau kamwe faida yake. Bila Yordan, Gordon asingeandika filamu hizo. Kwa sababu ya Yordan, dunia haikujua kwamba Gordon ndiye aliyeziandika. Miaka ya 1990 chama cha waandishi wa sinema cha Marekani kilianza kurudisha majina ya wenye kalamu, na Gordon alirudishiwa kazi kadhaa. Wakati huo alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini.

Hapa inanibidi niache kuwa mwanafunzi anayesimulia habari za watu wa mbali.

Nikiwa mwaka wa tatu, sikuwa na pesa ya minervali. Mwenzangu mmoja alikuwa na pesa, lakini TFC yake ilikuwa haijaanza. Nilimwandikia kwa dola 150. Muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo nilitumia data niliyokuwa nayo: misemo 62 ya Kisanga niliyomrekodi nkambo wangu huko Likasi kwenye simu yangu, nyumbani kwake, akipepeta unga. Niliichambua vizuri, na kusema kweli ni kazi bora kuliko TFC niliyojiandikia mwenyewe. Ilisifiwa. Iko kwenye rafu, na jina juu yake si langu. Ndani yake nkambo wangu ni mzungumzaji mwanamke wa miaka 78, basi.

Mwaka uliofuata nkambo alifariki. Simu ikaibiwa. Sasa naandika kazi yangu ya lisansi juu ya misemo ya Kisanga, na nakala pekee ya maneno ya nkambo iliyobaki duniani ni ile TFC. Nikitaka kutumia maneno niliyonyonya tangu utotoni, lazima niandike kwenye mabano jina la mtu ambaye hakuwahi kufika Likasi.

Nilijitetea kwa muda mrefu. Nilijiambia kwamba mwenzangu alinisaidia nisifukuzwe, na ni kweli. Nilijiambia kwamba hakuna aliyeibiwa, kwa kuwa tulikubaliana. Hayo ndiyo maneno ambayo Yordan angeweza kuyasema, na yana ukweli wake. Lakini nilipopanga maisha yake kwa miaka, niliona kitu ambacho makubaliano ya watu wawili hayakigusi. Waliofungiwa hawakuwa na njia nyingine. Serikali na kampuni ziliwaziba midomo. Mimi sikuzibwa mdomo. Nilikuwa na shida ya pesa, kama nusu ya promosheni yetu. Na katika biashara yetu kulikuwa na mtu wa tatu ambaye hakuulizwa: nkambo.

Katika somo la pragmatiki tulisoma pendekezo la Erving Goffman kwamba tusiseme tu msemaji, kana kwamba ni mmoja. Kuna anayetamka, kuna anayechagua maneno, na kuna ambaye msimamo wake ndio unaowekwa mbele ya watu. Mjomba kando ya televisheni alikuwa anatamka na kuchagua maneno pia, huku akisema kwamba ni filamu inayozungumza. Yordan alisimama mara nyingi pale mahali pa tatu, na nyuma yake alisimama mwingine. Katika TFC ile nilichagua maneno ya uchambuzi, mwenzangu akayatamka mbele ya jopo, na nkambo, aliyetoa kila kitu, hakupewa hata nafasi moja kati ya hizo tatu.

Turudi kwenye treni. Miaka ya 1970 Yordan alikuwa amerudi Marekani, na kwa muda alifanya kazi Utah, ambako aliandika filamu juu ya Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni, iliyotoka mwaka 1977. Mtu aliyewahi kushughulika na uwanja wa Roma sasa alikuwa na pesa ya kulipia hoteli na kamera moja. Cataclysm inatoka wakati huo. Mhusika mkuu wa kike ni Faith Clift, mke wake. Ndani yake yumo Marc Lawrence, akicheza mzee Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi, anayemtambua mtesaji wake wa zamani akiwa hajazeeka hata siku moja. Mwaka 1951 Lawrence huyo alisimama mbele ya kamati akataja majina ya wenzake. Kwa hiyo katika filamu ya senti chache, iliyoandikwa na mtu aliyewaficha waliotajwa, mtu aliyewataja anacheza mzee asiyeweza kusahau uso. Sijui kama kuna aliyeliwaza jambo hilo siku ya kupiga picha. 

Na kwenye treni ile, anayeimba pamoja na vijana ni Byron Yordan, mwanawe. Mke yumo, mwana yumo, filamu zake mwenyewe zimekatwa kuwa vipande. Safari hii hakuna Maddow wala Gordon. Jina ni lake, na ubovu ni wake. Nilipolitambua hilo, kicheko changu kilipungua. Kwa miaka arobaini watu walibishana ni nini hasa kiliandikwa na Philip Yordan. Hii hapa, hakuna anayeigombania.

Yordan alifariki California tarehe 24 Machi 2003, akiwa na miaka 88. Vitabu vya historia ya sinema vinapomtaja, jina lake karibu halitembei peke yake tena; hufuatwa na maelezo ya nani aliandika nini.

Kabla ya kuileta makala hii kwa wahariri, nilikwenda ofisini kwa msimamizi wangu nikamweleza yote, isipokuwa jina la mwenzangu, ambaye ana haki ya kujisemea mwenyewe. Nilimwarifu mwenzangu pia. Fakulti itaamua itakavyoamua, na huenda nikapoteza mwaka. Mjomba, nilipomwambia, aliniuliza kwanza kama zile dola 150 zimeisha, kisha akanyamaza, kisha akaanza kunikumbusha misemo ya mama yake mmoja baada ya mwingine. Tumefikia 41. Baadhi anaisema tofauti na ilivyo kwenye ile TFC, nami naandika namna zote mbili na kuonyesha nani alisema ipi. Ukurasa wa kwanza wa kazi yangu, kabla ya jina langu, utakuwa na jina kamili la nkambo, na kijiji alikozaliwa.